Uso wa Mwanamke Anayefagia

Jumapili, 3 Machi

Leo Mzee ameomba filamu. Mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu.

Nilikuwa chumbani napiga pasi mashati yake. Akaniita kutoka sebuleni — mkwe, leo si Jumapili? Nikasema ndiyo, Baba, Jumapili. Halafu akasema, "Basi." Nikaelewa. Nikachomoa pasi.

Kazi hii haikuwa yangu. Kila Jumapili, vyombo vya mchana vikishaoshwa, mke wangu alimkalisha baba yake, asiyeona, kwenye kochi, akawasha televisheni, akamsimulia filamu. Filamu yenyewe ni moja, ile ile, miaka yote. Na humo ndani ni mwanzo tu — Mzee akishausikia mwanzo, analala fofofo. Nyumba nzima hakuna anayejua filamu ile inaishaje!

Mimi saa hizo nilikuwa chumbani na pasi za wateja. Nilisikia sauti yake kupitia ukutani. Sauti, siyo maneno. Maneno sikuyategea sikio. Nilijua yatakuwepo tena wiki ijayo.

Basi nikaweka diski. Nikakaa pale alipokuwa akikaa yeye. Nikaanza: giza. Sauti ya ufagio. Sasa naona ardhi. Naona miguu ya mwanamke, anafagia ua. Kamera inapanda —

"Kamera gani?"

Kamera inayopiga picha, Baba.

"Humo hamna kamera. Sijawahi kusikia kamera humo hata siku moja."

Nikaomba radhi, nikaendelea. Nikamwambia gauni la yule mwanamke lina marinda, na yamepigwa pasi vibaya, upande wa kushoto yamelala. Akaniuliza namsimulia mtu au namsimulia nguo. Mimi ni dobi, nifanyeje? Jicho huenda linakojua njia.

Tukakaribia pale anaposinziaga. "Haya," akasema, "uso." Akajiweka sawa kwenye kochi kama mtu anayeletewa chai.

Nikatazama. Nikarudisha nyuma kwa rimoti, nikatazama tena. Hakuna uso! Picha inamzunguka yule mwanamke polepole, inakaribia kabisa kumwona, halafu inakatika — ukuta mweupe na majina ya waigizaji. Nikasema ukweli. Uso hauonyeshwi, Baba.

"Hauonyeshwi?"

Hauonyeshwi.

Vidole vyake vikawa vinatafuta kitu kwenye mkono wa kochi, hapakuwa na kitu. "Zima," akasema.

Hakulala.

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji, ndugu wa mke wangu, kapiga simu nikiwa kazini. Nikaibana simu begani, mkono uko kwenye kola. Anakuja kumchukua Mzee, Jumapili ya tarehe kumi na saba, ndipo atakapopata gari. Chumba kishapakwa rangi. Ameweka na chuma cha kushikia bafuni.

Aliyasema yote kwa upole, ndiyo maana yaliuma. Alisema umefanya makubwa, shemeji, hakuna asiyejua. Lakini dada hayupo. Sasa wewe na Mzee mnaitana nani?

Nikasema ananiita mkwe.

"Mkwe wa nani, shemeji?"

Nikaunguza kola. Shati jeupe la mtu, tena la mwalimu mkuu. Bosi alinitazama, akalichukua mwenyewe. Watu wananionea huruma siku hizi, hata kugombezwa sigombezwi.

Jioni nikamwuliza Mzee anaonaje safari hiyo. Akajibu mzigo hauulizwi unapelekwa wapi.

Sitaki aende. Naliandika hapa kwa sababu sina pa kulisema. Nikimwambia shemeji, ataniuliza kwa haki gani, na haki sina. Lakini Mzee akiondoka, nyumba hii hakutakuwa na mtu mwingine anayejua kwamba mke wangu alikohoa kidogo kabla ya kucheka. Nitabaki nalijua peke yangu. Na kitu ukikijua peke yako, unaanza kukitilia shaka.

Jumatano, 6 Machi

Mzee hajataja filamu. Anakula kidogo. Leo kaniambia chai yangu ni maji yaliyopita karibu na majani. Angalau kasema.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mkato.

Mkato ni fundi wa video za harusi, chumba chake kimepakana na duka letu la dobi. Jina kapewa kwa sababu ya kutisha watu — ukijipitisha ovyo mbele ya kamera yake anakwambia nakukata! Wanasema amewahi kumkata bwana harusi. Yeye anasema bwana harusi alijikata mwenyewe, alikuwa nje kwenye simu.

Nikampa diski. Nikamwambia nataka nijifunze kutazama. Akacheka, una macho mawili unataka la tatu? Nikamweleza ni kwa ajili ya Mzee. Akaacha kucheka, akanivutia kiti.

Aliitazama mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akavua kofia. "Aliyeitengeneza hii ni mchawi," akasema.

Nayaandika aliyonieleza yasinitoke. Kwanza, sauti imetangulia picha. Ufagio unasikika gizani kabla hatujaona chochote. Mkato anasema sauti inabisha hodi, picha ndiyo inafungua mlango. Halafu kamera imewekwa chini kabisa, karibu na vumbi, kimo cha mtoto anayetambaa. Ndiyo maana yule mwanamke anaonekana mrefu, na sisi tunakuwa wadogo, tunamhitaji. Kutoka hapo inapanda bila kukatwa, miguu, gauni, mgongo, kitambaa cha kichwani. Pumzi moja! "Mimi kwenye harusi nakata kila mgeni akipiga chafya," alisema. "Huyu hakati. Hakupi nafasi ya kumeza mate." Jua kaliweka nyuma ya mwanamke, kwa hiyo mbele yake pana kivuli. Geti linafunguka halilii — mlio umeondolewa kwa makusudi. Viatu vya mwanamume vinaingia pembeni mwa picha. Viatu tu, hadi kwenye kifundo. Ufagio unakoma. Na ule ukimya baada ya ufagio si ukimya mtupu. Kuna ndege mmoja, mbali sana. Kawekwa, ili tusikie kwamba hakuna kingine.

Nikauliza, na uso? Kwa nini wauzunguke wote halafu wasiuonyeshe?

Mkato akasimamisha picha palepale, bega la mwanamke limejaa kwenye kioo. "Ndiyo mtego wenyewe," akasema. Ukimnyima mtu uso, atauweka mwenyewe. Kila mtu anaweka anaoutaka.

Mimi sikuweka wowote. Niliona bega.

Jumapili, 10 Machi

Nimemsimulia tena. Nilijiandaa kama mtoto wa mtihani. Nikaanza na sauti inabisha hodi — akapenda! Akarudia mwenyewe, inabisha hodi, inabisha hodi. Nikapata nguvu. Nikaingia kwenye kimo cha mtoto anayetambaa, kwenye jua la nyuma, pumzi moja, mlio wa geti ulioondolewa, ndege aliyewekwa. Nikawa naongea kuliko ufagio.

Mzee akanishika goti. "Mkwe, umenipeleka shule. Nataka kwenda uani."

Nikapunguza. Mwishoni nikamwambia, Baba, ule uso hauonyeshwi kwa makusudi, ni ufundi, kila mtu anaweka wake. Nilidhani atafurahi. Nilidhani nimelirekebisha kosa la wiki iliyopita.

Akasema wewe unasema hauonyeshwi, binti yangu aliuona kila Jumapili. Halafu akanieleza, mikono yake inachora hewani. Ana mwanya, meno ya juu. Ana kovu dogo chini ya mdomo, alianguka ngazini. Jicho la kushoto linawahi kufumba akicheka, la kulia linafuata. Nywele za mbele hazikubali kulala.

Nilikuwa nimeshika rimoti. Nikaiweka chini taratibu, nikaogopa italia.

Kovu lile mke wangu alilipata kwa shangazi yake, tukiwa bado wachumba. Mimi ndiye niliyembana kwa kitambaa pale mdomoni, damu inatoka, naye anacheka. Wakati huo Mzee alikuwa haoni tangu zamani.

Nikasema naenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Nikaviosha.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimepiga pasi mashuka tu. Mashuka hayana kola, mtu anaweza kuwaza.

Mzee alipofushwa na presha ya macho binti yake akiwa shule ya msingi. Alikuwa refa wa mpira. Mwenyewe husema alipopofuka mashabiki hawakushangaa, walimwambia sisi tulikuwa tunakwambia miaka yote. Alibaki na sura ya mtoto wa mikia miwili ya nywele. Mwanamke yule niliyemwoa mimi, Mzee hakuwahi kumwona.

Basi mke wangu akampelekea mwanamke huyo. Hakuweza kukaa mbele ya baba yake akasema Baba, mimi sasa niko hivi na hivi. Nani anaweza? Angeona haya. Akatafuta filamu yenye uso uliofichwa, akauweka wake. Mkato angesema ameingia mtegoni kwa miguu yake, akaugeuza kuwa mlango.

Na mimi nilikuwa chumba cha pili. Ukuta mmoja.

Nimejaribu kukumbuka neno moja tu lililopenya. Nimekumbuka "mashavu". Nilidhani wanazungumzia mwigizaji.

Jumatano, 13 Machi

Jioni nilikuwa namnyoa Mzee. Huwa namnyoa Jumatano, kwenye kibaraza, taulo shingoni. Nimefika chini ya taya akasema, bila kusogeza kichwa —

"Unafikiri sikujua ni yeye?"

Nikaondoa wembe.

"Nimepofuka macho, mkwe. Masikio sikupeleka pamoja."

Akasema alijua tangu siku ya mwanya. Mwanya ule ni wa mama yake. Lakini hakumwambia, kwa sababu angemwambia, binti angeacha. Wakawa wanadanganyana vizuri, kila mmoja akimlinda mwenzake. Mwaka ukipita, mwanamke wa kwenye filamu naye anakua. Kanenepa kidogo. Ameanza mvi moja, ameing'oa, imerudi na mwenzake. Filamu ni ile ile, uso unatembea.

Nikadhani amemaliza. Nikarudisha wembe. Akanishika kifundo cha mkono.

"Halafu akaanza kukonda."

Jumapili moja mashavu yamepungua. Jumapili nyingine shingo imekuwa ndefu, kitambaa kinateleza. Sisi wakati ule tulikuwa tukimwambia anaendelea vizuri. Mimi, daktari, shemeji kwenye simu, wote kauli moja. Vizuri, Baba, vizuri. Mzee anasema alikuwa akitujibu tunashukuru, ili tusichoke. Habari za kweli alikuwa akizipata kwenye filamu.

Siku ya mwisho ya kusimulia, alimwambia hivi: "Baba, leo anafagia amekaa."

Nilimnyoa upande uliobaki. Sijui niliunyoaje. Hakuna hata mchubuko mmoja.

Ijumaa, 15 Machi

Nimezipiga pasi nguo zake zote. Nimezikunja kwa mkunjo wa dukani, wa mashati ya kuuzwa. Bosi kauliza za mteja gani. Nikasema za Mzee, anasafiri. Akaniongezea mifuko ya nailoni ya kuzifunikia.

Suruali ya kijivu nimeiacha chini kabisa, anaipenda. Halafu nikaitoa nikaiweka juu. Halafu nikairudisha chini.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji amefika jioni, gari kalipata siku moja mapema. Amekonda. Tumekula kimya watatu, vijiko vinaongea. Mzee akauliza kama kuna msiba mwingine hajaambiwa. Shemeji akacheka, macho yakamjaa, akasingizia pilipili.

Baadaye tukabaki jikoni mimi na yeye, anakausha ninachoosha. Nilikuwa nimepanga maneno. Nimwambie Mzee amezoea hapa, anaujua mlango wa choo, anajua kona zote. Akaniwahi.

"Unadhani namchukua kwa kuogopa watu watasemaje?" Akasema wanaosema waseme. Yeye dada yake alipougua alikuwa mbali, akawa mtu wa simu. Kila siku keshokutwa nakuja, keshokutwa nakuja. Alikuja kuzika. "Kwa Baba nataka niwepo, shemeji. Usininyime."

Nilimpa sahani nyingine akaushe.

Kwa hiyo hakuna mtu mbaya hapa. Ingekuwa rahisi angekuwepo.

Kabla ya kulala nilimwuliza Mzee moja kwa moja. Baba, unataka kwenda au kubaki? Akasema refa hachezi, mkwe. Nikamwambia mechi hii ni yake. Akajigeuza ukutani.

Jumapili, 17 Machi

Naandika jikoni, nimesimama. Chai iko motoni. Nimeomba ruhusa nije kuitazama.

Asubuhi shemeji amebeba sanduku, amelitia kwenye gari. Tungemaliza mapema. Alitaka waondoke kabla ya jua kuwa kali. Mzee kavaa, kavishwa viatu, fimbo mkononi. Tukamfikisha hadi mlangoni. Akasimama. Akauliza leo siku gani.

Shemeji akasema Jumapili, Baba, twende.

"Basi," Mzee akasema. Akageuka, akaitafuta njia ya kochi kwa fimbo, akakaa.

Shemeji akanitazama. Nikamwambia ni kitu cha dakika chache, huwa analala baada ya hapo. Akasema akilala nitambebaje? Lakini hakukasirika. Akasema atangoja garini, atajaza matairi upepo kwa pampu yake. Nadhani hakutaka kuwepo. Mimi ningekuwa yeye nisingetaka.

Nikaweka diski. Leo sikutaja kamera. Sikutaja ufundi wowote, ingawa sasa nauona wote, kila mahali ulipotiwa mkono. Nikasema kuna giza, mtu anafagia, hatumwoni. Nikangoja. Nikasema sasa tumekaa chini, vumbi linatujia. Nikampandisha mwanamke taratibu, sikuruka kitu, sikumeza mate. Geti limefunguka, hatukulisikia. Viatu vimeingia. Ufagio umekoma. Nikanyamaza ili ndege alie. Mzee akainua kidole, kamsikia! Anasema miaka yote hakuwahi kumsikia yule ndege.

Tukaanza kumzunguka mwanamke. Bega. Shingo. Usiku kucha nilikuwa najiuliza niseme nini tukifika. Nimseme alivyokuwa mzima? Nimseme alivyokuwa mwisho? Nisiposema kitu je?

Mzee akasema, "Uso uache. Ule nimeshauona wote."

Picha ikakatika, ukuta mweupe. Nikanyoosha mkono nizime.

"Na huyo mwingine?"

Nani, Baba?

"Mwenye viatu. Anaingia kila Jumapili, hajawahi kuwa na kichwa. Nikimwuliza binti yangu, anasema huyo utamwuliza mwenyewe." Akakigeuzia uso wake kiti changu, akakosea kidogo, akalenga meza. "Ana sura gani?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Miaka yote hii ndani ya nyumba moja, mkono wangu ukimshika kiwiko, wembe wangu shingoni kwake. Hajui nikoje.

Nikasema si mzuri sana, Baba.

"Sikuuliza kama mzuri. Nimeuliza yukoje."

Nikaanza. Paji pana. Nyusi zimekaribiana, mtu akimwona anadhani amekasirika, hajakasirika. Mzee anatikisa kichwa, endelea. Macho madogo, mekundu kwa mvuke wa pasi. Na kwa mengine, akasema Mzee. Nikasema ndiyo, na kwa mengine. Masikio yametoka nje. Akacheka! Akasema nilihisi, nilihisi, sauti yako ni ya mtu wa masikio.

Haya, pua, akasema. Hapo honi ikalia. Shemeji. Mara moja, kwa adabu.

Nikasema Baba, gari. Akasema nimesikia gari, kwani mimi ni kiziwi? Hakusimama. Fimbo kailaza sakafuni. Lakini viatu havui. Nimevitazama sana vile viatu, havui.

Ndipo nikasema ngoja nitazame chai.

Niko hapa. Najiangalia kwenye ubavu wa birika nipate kusema kweli, lakini birika linavuta kila kitu, pua imekuwa kama kiatu. Chai imechemka imemwagika. Sijui nimimine vikombe viwili au vitatu. Sanduku liko garini na suruali ya kijivu iko chini kabisa.

Mlango wa gari umefungwa. Shemeji anakuja, nasikia kokoto. Amefika mlangoni, anasema Baba, jua limepanda, tunangoja nini?

Na Mzee anapaza sauti, sijui anamjibu yeye au ananiita mimi —

"Subirini! Hatujamaliza pua!"